Deki ya CD imegoma kusoma: ninunue nini kwa laki mbili na nusu?

SWALI

Ndugu mshauri, habari za kazi.

Nina stereo ya vipande: amplifaya, redio, deki ya kaseti, deki ya CD na spika mbili kubwa za mbao. Vyote ni vizima isipokuwa deki ya CD. Ilianza kwa kuzikataa CD za kuchoma, nikadhani CD zenyewe ndizo mbovu. Baadaye zile orijino nazo zikawa zinaruka kwenye nyimbo za mwisho. Tangu mwezi uliopita, kila ninachoweka inakizungusha kidogo, inasimama, kisha inaandika NO DISC. Trei inatoka na kuingia vizuri.

Fundi wa kwanza alisema jicho, yaani leza inayosoma CD, limechoka, ataliongezea nguvu kwa 40,000. Wa pili akaniambia hiyo ni kupoteza hela, bora abadilishe jicho zima kwa 90,000, ila hakutaka kunihakikishia kwamba litasoma. Kijana wa dukani naye akasema CD zimepitwa na wakati, ninunue sabufa ya bluetooth niachane na hayo madude. Hilo sitaki. Nina CD kama 140, taarab na dansi la zamani, na baadhi ya nyimbo zake sijazipata popote mtandaoni. Kama 50 ni za kuchoma, na chache ni zile za MP3 zenye nyimbo mia na kitu kwa CD moja. Hizo za MP3 deki yangu haijawahi kuzisoma hata ilipokuwa mpya.

Bajeti yangu ni 250,000. Mwanangu anafanya kazi Muscat na mwezi ujao anakuja likizo, anasema anaweza kuniletea. Pia kuna duka la vitu vya mtumba kutoka Japani, nimeona hapo deki mbili za CD, nzuri kwa macho. Nyuma ya amplifaya yangu kuna matundu ya nyekundu na nyeupe yaliyoandikwa PHONO, TUNER, CD, TAPE na AUX. Deki ya CD ina waya wake wa umeme. Nichukue ipi?

Mstaafu, Chumbageni, Tanga

JIBU

Shikamoo mzee wangu.

Anza kwa kusafisha jicho, kwa sababu hilo halitakugharimu zaidi ya nauli ya kwenda kutafuta dawa. Likigoma, nunua deki ya DVD mpya yenye matundu mekundu na meupe nyuma. Itakutosha na chenji itabaki. Deki ya mtumba ya Japani iwe chaguo la tatu, na usiilipie kabla hujaijaribu kwa CD zako mwenyewe. Ile 40,000 ya "kuongeza nguvu" usimpe mtu.

Ulivyopanga dalili umeturahisishia kazi. CD ya kiwandani inarudisha mwanga mwingi wa leza kwenye jicho. Ya kuchoma inarudisha pungufu kidogo, na ile ya kufuta na kuandika upya, CD-RW, inarudisha kama robo tu. Jicho likififia, au lenzi ikishika ukungu na vumbi, za kuchoma ndizo zinazokataliwa kwanza. Nyimbo za mwisho nazo zina sababu yake: CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, tofauti na sahani ya santuri. Wimbo wa mwisho unakuta jicho limesafiri mpaka mwisho wa reli zake, na CD inayumba zaidi pembeni kuliko katikati. Grisi ya reli ikikauka, jicho linakwamakwama hapo. Kwa hiyo una mashaka mawili, uchafu na uchovu, na kwa nyumba iliyo karibu na bahari sisi tunaanza kushuku uchafu.

Chomoa deki kwenye umeme kabisa. Fungua skrubu za mfuniko. Mara nyingi ni mbili kila ubavu na mbili au tatu nyuma. Juu ya trei utaona daraja dogo lenye kitu cha duara chenye sumaku, ndicho kinachoibana CD. Kwenye deki nyingi lenzi iko chini yake, kitone cha plastiki kama punje ya dengu chenye rangi ya bluu kwa mbali. Ukiona haifikiki, rudisha umeme, toa trei nje, kisha chomoa umeme ikiwa bado nje. Chovya pamba ya masikio kwenye isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Mafundi simu wanayo, wenyewe wanaiita IPA. Ikamue ibaki na unyevu tu, izungushe juu ya lenzi taratibu bila kukandamiza, maana lenzi imening'inia kwenye vishikizo vyembamba sana. Malizia kwa pamba kavu na usubiri dakika tano. Usitumie spiriti ya zambarau wala marashi, na dawa ya kuondoa rangi ya kucha ndiyo mbaya kuliko vyote: inayeyusha plastiki, na lenzi haina tiba baada ya hapo.

Ukiwa hapo, futa reli ambazo jicho linatelezea na uweke grisi nyeupe nyepesi kiasi cha punje ya mchele kila moja. Mafuta ya cherehani ni mepesi mno, yatasambaa. Unaporudisha umeme mfuniko ukiwa wazi, usichungulie lenzi: mwanga wa jicho la CD uko kwenye nanomita 780, macho hayauoni vizuri lakini unayaumiza. Zile CD za kusafishia zenye vibrashi zinapangusa vumbi tu, ukungu zinauacha palepale.

Jaribu kwanza CD orijino, halafu ya kuchoma. Orijino ikisoma na ya kuchoma ikikataa, jicho kweli limechoka na umeongeza miezi, si miaka.

Sasa kuhusu hao mafundi. "Kuongeza nguvu" maana yake ni kuzungusha kiskrubu kidogo kilicho ubavuni mwa jicho, kinachopanga umeme unaoingia kwenye leza. Ni kweli deki itasoma siku hiyo, na pengine wiki kadhaa. Leza iliyochoka ikilazimishwa umeme mwingi inakufa haraka, na fundi atakayefuata hataweza tena kujua kipimo cha kiwandani kilikuwa wapi.

Kubadilisha jicho ni kazi halali, lakini muulize fundi namba ya jicho kabla ya bei. Limeandikwa kwenye kibandiko au limechongwa kwenye plastiki. Ukikuta namba za jamii ya KSS-213 au SF-P101N, una bahati, kwa kuwa hizo zilifungwa kwenye deki za kampuni nyingi na bado zinatengenezwa. Namba isiyopatikana ila kwa kung'olewa kwenye deki nyingine, hapo unanunua uchovu wa mtu mwingine. Kosa linaloonekana sana: jicho jipya huja na tone la risasi lililounganisha pointi mbili kulilinda na umeme tuli. Tone hilo linayeyushwa baada ya waya bapa kuchomekwa. Fundi akilisahau, deki itaandika NO DISC kama zamani na wewe utaambiwa jicho ni feki. Kwa 90,000 bila dhamana, kwenye bajeti ya 250,000, sisi tungeacha.

Deki ya DVD inasoma CD, CD za kuchoma, na zile za MP3 zilizokushinda miaka yote. Deki yako haikuwa mbovu kwa hizo: CD ya MP3 ni mafaili ya kompyuta, na deki ya CD ya zamani haijui kuyafungua. Deki ya kawaida ya DVD inauzwa chini ya bajeti yako kwa mbali, kwa hiyo usichague kwa bei. Chagua kwa kugeuza boksi. Nyuma lazima kuwe na matundu mawili, jekundu na jeupe, ya sauti. Mbele kuwe na kioo kinachoonyesha namba ya wimbo. Hili la kioo watu wanalidharau, kisha wanalazimika kuwasha televisheni kila wanapotaka kusikiliza muziki. Rimoti iwe na vitufe vya 0 hadi 9. Taarab itakubeba hapa, nyimbo zake ni ndefu na CD moja ina chache, unabonyeza 4 unapata wimbo wa nne. Kwenye CD ya MP3 yenye nyimbo 150 utahitaji televisheni, au uwe na karatasi ya orodha.

Dukani omba waiwashe na CD yako, halafu sogeza sikio. Baadhi ya deki za bei ndogo zinazungusha CD kwa kasi kuliko inavyotakiwa, unasikia mvumo kama feni. Jaribu pia mpito kati ya wimbo na wimbo. Nyingine zinakata sekunde moja hivi kila wimbo unapoanza, jambo ambalo kwa nyimbo za studio si kitu, ila kwa dansi lililorekodiwa ukumbini makofi yanakatika katikati.

Nyumbani, chomeka waya wa nyekundu na nyeupe kwenye tundu la CD la amplifaya, au AUX. Yote mawili ni sawa. Usichomeke PHONO hata ikibaki hiyo tu. Tundu hilo limetengenezewa sindano ya santuri inayotoa milivolti chache, wakati deki inatoa volti 2 hivi. Sauti itapasuka, besi itajaa, na ukipandisha kidogo spika zitaumia. Mara ya kwanza tu, unganisha waya wa njano, ule wa picha, kwenye televisheni uingie SETUP, sehemu ya sauti. Weka DOWNMIX kuwa STEREO. Zima kila kinachoitwa SURROUND, 3D au EQ. Kama rimoti ya deki ina vitufe vya sauti, pandisha mpaka mwisho na uiache hapo, sauti uipunguzie kwenye amplifaya. Kisha ondoa waya wa njano. Ukiuacha, televisheni iliyounganishwa na antena au king'amuzi inaweza kuleta mngurumo kwenye spika, halafu uanze kuilaumu deki.

Kuhusu ubora: mtu mwenye spika nzuri atasikia tofauti kati ya deki ya DVD ya bei ndogo na deki nzuri ya CD, hasa kwenye violini na qanun zinapolia juu. Ni tofauti ndogo. Ikikukera baadaye, tazama kama deki yako ina tundu lililoandikwa COAXIAL au OPTICAL. Likiwepo, kiboksi kidogo cha kubadili dijitali kuwa analogi, kinachoitwa DAC, kinakaa kati ya deki na amplifaya na kinatumia chaja ya simu ya volti 5. Ukikifunga, rudi kwenye SETUP ya deki, DIGITAL OUT iwe PCM.

Sasa zile mbili za mtumba. Deki ya CD ya Japani ya miaka ya tisini, nzito, yenye transfoma ndani, inaweza kuishinda deki yoyote mpya ya laki moja. Shida ya kwanza iko kwenye kibandiko cha nyuma. Kikisema 100V, ni ya soko la Japani, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 inaungua hapohapo. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 kwenda 100. Deki ya CD inakula wati 10 hadi 20 tu, kwa hiyo transfoma ya wati 50 inatosha. Usiuziwe ya wati 1,000. Za 110 ndizo zimejaa madukani, zinaendesha deki ya 100 lakini inapata joto zaidi, afadhali utafute ya 100 kamili. Hezi 50 au 60 isikutishe. Mzunguko wa CD unapangwa na kristali iliyo ndani, siyo umeme wa ukutani, kwa hiyo muziki hautakwenda mbio wala kuchelewa.

Shida ya pili ni umri wa jicho, na hilo halionekani kwa macho. Nenda na CD tatu: orijino ndefu inayokaribia dakika 70, moja ya kuchoma, na moja yenye mikwaruzo ambayo deki yako ilikuwa inaivumilia. Fungua na kufunga trei mara kumi. Ikisita au ukalazimika kuisaidia kwa kidole, mpira wake umelegea, ila hiyo ni hitilafu ya bei ndogo. Weka orijino, ruka moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho, rudi wa kwanza, ruka tena. Isichukue zaidi ya sekunde tatu nne kila mara. Weka ya kuchoma na uiache ipige nusu saa ukiwa umekaa hapo, kwa sababu jicho chovu mara nyingi linasoma likiwa baridi na kuanza kuruka likipata joto. Gusa mfuniko kwa kidole kama unayebisha hodi kwa mtoto mchanga, sauti isikatike. Sikiliza spika zote mbili. Mwisho uliza rimoti. Muuzaji asiyetaka uijaribu hivyo, muachie deki yake.

Mwanao wa Muscat anakurahisishia la umeme: Oman wanatumia volti 240, hezi 50, na plagi ya pini tatu bapa kama yetu, hakuna transfoma. Lakini bajeti haitoshi deki mpya ya CD ya kampuni kubwa. Yamaha CD-S303, Denon DCD-600NE na Cambridge Audio AXC25 ni deki nzuri, bei zake ni mara kadhaa ya 250,000. Akipata iliyotumika kwa mtu, majaribio ni yaleyale. Mtego wake yeye ni deki ya Blu-ray. Ataiona ya kisasa na ya bei nzuri, aibebe, ifike Tanga ikiwa na HDMI peke yake. Amplifaya yako haina pa kuichomeka. Mtumie picha ya nyuma ya amplifaya na umwambie atafute matundu mekundu na meupe yaliyoandikwa AUDIO OUT. La namba ya kanda ya DVD lisimsumbue, hilo ni la filamu. CD haina kanda.

Vile videki vya CD vya kutundika ukutani vyenye kamba ya kuvuta vina tundu dogo la hedifoni linaloweza kwenda AUX kwa waya wenye pini ya milimita 3.5 upande mmoja na nyekundu na nyeupe (RCA) upande wa pili. Vinafanya kazi. Bado tungechukua deki ya DVD.

Wakati huohuo zishughulikie hizo 50 za kuchoma, maana zinazeeka kuliko orijino. Wino unaobeba muziki unafifia kwa jua na joto. Inyanyue moja dhidi ya mwanga wa taa. Ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, utando umebanduka na sehemu hiyo haitasomeka tena. Ndiyo sababu mkwaruzo wa upande wa maandishi ni mbaya kuliko wa upande unaong'aa: utando wa data uko chini tu ya rangi. Uchafu osha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, ukifuta kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Kisha mtafute kijana mwenye kompyuta na kisomeo cha CD azihamishe. Kwa MP3 ya kilobiti 320, CD ya saa moja inachukua MB 144, na zote 140 zinaingia GB 20 hivi, yaani flashi moja ya GB 32. Iwe kwenye mfumo wa FAT32, kwa kuwa deki nyingi za DVD hazijui mwingine. Deki uliyonunua kwa ajili ya CD itaisoma kwenye tundu lake la USB, kama inalo. Zile usizozipata mtandaoni zianze kabla ya zote.

Na ukiishia kuchukua ile ya mtumba: kabla ya kuiwasha igeuze uitazame chini. Deki nyingi za zamani zina skrubu ya usafiri inayolifunga jicho lisigongwe njiani, mara nyingine nyekundu, mara nyingine ina kibandiko chenye mshale. Ikiwa imekazwa, CD haitasoma kitu. Ilegeze mpaka mwisho, na kama inatoka kabisa ibandike kwa gundi ya karatasi ubavuni mwa deki, utaihitaji siku ya kuhama.